Uzoefu wangu: bomba la grisi, grisi ya shaba na Land Cruiser ya njia za vumbi Dodoma

Nati tano za tairi la nyuma kushoto zilitoka kwa shida. Ya sita ikalia, ikapinda, ikakatika na stadi yake, ile boliti inayofungiwa nati. Ilikuwa jioni, nikitoka Chipanga kurudi Bahi mjini, tairi limepasuka na jua linazama. Nikadhani balaa limeisha, kumbe rimu nayo haitoki. Ilikuwa imeshikana na habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa kutu kama imechomelewa. Tulipiga teke, tukapiga kwa gogo, tukapiga kwa nyundo ya ratili nne huku tumeweka ubao katikati, wapi. Mzee mmoja aliyekuwa anarudisha ng'ombe akasimama kutusaidia. Ndiye aliyesema, "Mwanangu, rudisha nati, usizikaze, kisha sogeza gari mbele na nyuma kidogo." Nikafanya hivyo na tairi bapa vilevile, hatua moja mbele, hatua moja nyuma, nikikanyaga breki ghafla. Mara ya tatu ikaachia kwa mlio ambao hadi leo naukumbuka. Tulifika mjini usiku mkubwa.

Tangu jioni ile imepita miezi kumi na minne. Muda huo wote nimekuwa nikipiga grisi mwenyewe, kwa bomba langu na grisi zangu, na nimeona niandike kilichofanya kazi na kisichofanya, maana wengi tunaotembeza magari haya huku kati tunapata tabu zilezile.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za visima vijijini. Nazunguka Bahi, Chamwino hadi Mtera, Mpwapwa, Kondoa, na mara nyingine navuka hadi Manyoni. Gari ni Land Cruiser pick-up HZJ75, injini ya 1HZ ya lita 4.2, springi za bapa mbele na nyuma. Ni gari la miaka ya tisini na sina mpango wa kuliuza. Kiangazi linakula vumbi jekundu jepesi linaloingia kila mahali. Masika linalala kwenye tope la mbuga. Pale Bahi udongo wa bondeni una chumvi, kwa hiyo lile tope likikaukia chini ya gari linaendelea kula chuma hata mvua ikishakatika. Halafu tunaliosha kwa maji ya kisima, ambayo kila mkazi wa Dodoma anayajua kwa ule weupe yanaouacha kwenye birika.

Kabla ya hapo nilikuwa nalipia huduma ya kuosha na kupiga grisi kwenye kituo kimoja hapa mjini. Sitakitaja jina. Nililipa kila mwezi bila kukosa na risiti ninazo. Baada ya tukio la Chipanga, gari likaanza kugonga nikibadilisha gia na kutetemeka nikifika kilomita 60 kwa saa, nikalipeleka kwa fundi wangu wa siku zote. Akateremsha propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu ekseli ya nyuma, akafungua krosi, kiungo chake cha vikombe vinne. Kikombe cha kwanza kilipotoka, sindano za beringi zilikuwa zimeliwa, nyingine zimebaki nyembamba kama njiti, na badala ya grisi ukamwagika unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Fundi akanionyesha nipeli, ile chuchu ya kupitishia grisi, ya slaidi, sehemu ya propela inayorefuka na kufupika. Udongo uliokuwa juu yake ulikuwa umekauka kama tofali. "Kaka, hapa hapajaguswa mwaka mzima," akasema. Iliniuma sana. Wanaoosha walikuwa wanapaka grisi nje ya viungo ili ionekane, na zile nipeli za kuinama na kulala chini wanaziacha.

Ndipo nikanunua vitu vyangu. Bomba la mkono lenye mpini wa kubonyeza, linalochukua katriji ya gramu 400 au kujazwa kwa grisi ya kopo. Kopo la grisi ya lithiamu yenye molibdeni, namba 2 kwenye NLGI, kipimo cha ugumu wa grisi, nyeusi kama lami. Kopo dogo la grisi ya shaba. Na tyubu ya grisi ya silikoni kwa ajili ya mahali penye mpira. Vyote pamoja vilinigharimu chini ya nilichokuwa nalipa pale kituoni kwa miezi sita.

Bomba lenyewe naliwekea alama saba kati ya kumi. Mwili wake ni imara, limeanguka mara nyingi na halijabonyea. Lakini mdomo wake ulikuwa dhaifu. Baada ya miezi miwili meno yake yalilegea, ukibonyeza grisi inatokea pembeni ya nipeli badala ya kuingia ndani. Nilinunua mdomo mwingine, ule wenye kiwiko cha kubana unaoshika nipeli wenyewe, na tangu hapo nafanya kazi kwa mikono miwili bila kuushikilia. Ukiweza, nunua mdomo huo siku ileile unayonunua bomba. Jambo jingine ni hewa. Ukijaza bomba kwa mkono kutoka kwenye kopo, hewa inabaki ndani, unabonyeza hadi mkono unachoka na hakitoki kitu. Legeza kichwa cha bomba mzunguko mmoja, sukuma fimbo ya nyuma hadi grisi ichungulie, kisha kaza. Nilikaribia kulirudisha dukani kabla sijaelekezwa hilo.

Sasa namna ninavyolitumia. Nipeli naifuta kwanza kwa kitambaa chenye dizeli, hadi kile kidoti cha katikati kionekane. Ukiruka hatua hii unasukuma vumbi la Dodoma moja kwa moja ndani ya beringi, na vumbi likichanganyika na grisi ni msasa. Kwenye krosi nabonyeza taratibu hadi grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kisipotoa, nalitikisa gari au nageuza propela kisha narudia, maana kile kilichokaa kimya ndicho kitakachokufa kwanza. Kwenye slaidi mambo ni kinyume. Hapo ni mara tatu au nne tu. Ukijaza slaidi hadi ifure, propela inakosa nafasi ya kufupika gari likipiga shimo, na nguvu hiyo inaenda kwenye beringi na sili za gia boksi. Nimeona gari la jirani likivuja kwa sababu hiyo, na mwenyewe alikuwa anajisifu kwamba anapiga grisi nyingi.

Kwenye zile duara za ekseli ya mbele, pale magurudumu yanapokatia kona, juu yake kuna plagi ya kichwa cha mraba. Nafungua, nachungulia, naongeza grisi ya molibdeni. Hapo macho yana kazi kuliko bomba. Grisi ikiwa nzito na nyeusi, sawa. Ikiwa imekuwa uji unaotiririka na kuchafua duara kwa nje, basi oili ya difu inavuja kupitia sili ya ndani na inaosha grisi. Kuongeza hapo ni kupoteza pesa, badilisha sili.

Lakini nipeli hazikuwa chanzo cha yaliyonikuta Chipanga. Ile rimu haina nipeli. Stadi haina nipeli. Pini za shako, vile vishikizo vya ncha za springi, kwenye gari langu hazina, zinapita ndani ya bushi za mpira. Boliti za egzozi hazina. Vyuma hivi vinaganda kimya kimya kwa miaka, hata uwe na bomba la aina gani, na dawa yake ni moja tu: kila kinapofunguliwa, kisirudi kikavu. Hapa ndipo grisi ya shaba ilipobadilisha maisha yangu ya barabarani, na ningeambiwa nichague kitu kimoja kati ya vyote nilivyonunua, ningechukua lile kopo dogo.

Nasugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, napaka utando mwembamba kwa mswaki wa zamani, nafunga. Kwenye habu napaka ule mduara wa katikati unaoingia kwenye tundu la rimu, wembamba sana. Kwenye stadi za tairi nipo makini. Kipimo cha kukazia nati kinachotolewa na watengenezaji kwa kawaida ni cha uzi mkavu na safi. Ukiupaka grisi, nati inateleza, kwa nguvu ileile ya spana unaivuta stadi kupita kiasi na unaweza kuikata au kuiacha ikilegea. Mimi uzi wa stadi nausafisha kwa brashi, basi, na ule uso wa koni wa nati siugusi kabisa kwa grisi. Baada ya kilomita 50 au 100 nazikagua tena nati zote sita.

Grisi ya shaba si ya beringi. Si ya mpira pia. Bushi na vifuniko vya mpira vikikutana na grisi za mafuta ya petroli vinavimba na kulainika, ndiyo maana nina ile tyubu ya silikoni. Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono tabia ya kupulizia oili chafu chini ya gari zima. Najua madereva wengi wazuri wanaifanya na chuma kweli kinachelewa kushika kutu, lakini bushi zinaharibika na vumbi linajenga ukuta juu yake, hadi ukitafuta kichwa cha boliti unachimba kwanza.

Na usichanganye grisi ovyo. Rangi haikuambii chochote, bluu ya kampuni hii si bluu ya ile. Kuna grisi ambazo msingi wake haupatani na lithiamu, zikikutana zinayeyuka na kukimbia. Nilipohamia kwenye hii ya molibdeni niliisukuma ya zamani yote itoke, na beringi za magurudumu niliziosha kwa dizeli, nikazikausha, nikajaza upya kwa kiganja.

Kosa langu lilikuwa kwenye habu za mbele, zile za kuzungusha kwa mkono ili magurudumu ya mbele yashike. Nilizifungua, nikaona zimekauka, nikazijaza grisi nzito tele. Wiki tatu baadaye, njia ya Haubi kule Kondoa, mvua imenyesha, nazungusha kitasa upande wa kulia kinagoma kuingia. Grisi ilikuwa imejaa hadi vile vidude vya ndani havina pa kusogea. Tulisukumwa na vijana wa kijijini. Nilizisafisha zote mbili, nikapaka utando tu, na sasa nazifunga na kuzifungua kila mwezi hata kiangazi, zisizoee kukaa upande mmoja.

Mwezi uliopita nilikuwa Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa. Sili ya habu ya nyuma kulia ikaanza kuvujisha oili kwenye breki. Ili uifikie lazima uchomoe shafti, na shafti ya gari hili inashikwa na nati sita zenye washa za koni, zimepasuliwa upande mmoja, zinajibana kwenye stadi. Aliyewahi kuzitoa zikiwa zimeganda anajua. Mara ya kwanza, mwaka jana, fundi wangu alitumia saa tatu, nyundo ya shaba, moto wa gesi, na bado tulipoteza stadi mbili. Safari hii nilikuwa na kijana wangu wa kazi tu, chini ya mwembe. Nikafungua nati, nikagonga kichwa cha shafti mara mbili. Washa ya kwanza ikaruka na kudondoka mchangani. Nikagonga tena, zikafuata nyingine. Tukazipanga kwenye kifuniko cha ndoo, zina rangi ya shaba bado, uzi wa stadi umeng'aa chini ya ile grisi kama siku niliyoufunga. Kijana akaniuliza mbona haraka hivyo. Nusu saa baadaye sili ilikuwa imeingia, na jioni ileile tulikuwa tunateremsha mabomba kisimani.

Ratiba yangu sasa ni hii: nikitoka kwenye tope au maji, napiga grisi siku ileile baada ya kuosha, kwa sababu mashine ya maji ya presha inapenya kwenye sili. Kiangazi, kila wiki mbili au tatu kulingana na safari. Inanichukua dakika arobaini, turubai chini, redio ikiwa imewashwa.

Kinachonisumbua bado ni pini ya shako ya mbele kulia. Haikuwahi kupakwa kitu na mmiliki wa kwanza, na mimi nilichelewa. Nimeilowesha dizeli kila jioni kwa wiki mbili, nimeigonga, nimeipasha moto, haijatikisika. Fundi anasema tuikate kwa grenda kabla mvua za Desemba hazijaanza. Pini mpya na bushi zake nimeshanunua, zipo kwenye boksi chini ya siti, pamoja na lile kopo la shaba lililobaki robo.