Fundi wa kukagua magari, Mabatini, Mwanza: nililipa 60,000 kuambiwa "usinunue"

Mimi ni muuguzi. Nakaa Buhongwa, kazi yangu iko Sengerema. Miaka yote nilikuwa nakula foleni ya kivuko pale Kigongo, mpaka Daraja la JPM lilipofunguliwa Juni 2025. Zile kilomita 3 juu ya maji sasa unazipita hujamaliza hata kusoma meseji. Kilichobaki kunichelewesha ni kusubiri gari za watu. Nikaamua nitafute Toyota IST, gari dogo.

Dalali wa kwanza alikuja na fundi wake. Huyo fundi alifungua boneti, akasikiliza injini kama dakika mbili, akasema "dada, gari liko fresh, chukua". Nikajiuliza: huyu analipwa na nani? Shemeji ndiye akanipa namba ya fundi wa Mabatini. Bei yake ni 60,000 kwa gari moja ndani ya mji, ukimvusha Usagara unaongeza mafuta. Anakuja gari liliko. Sharti lake ni moja: muuzaji asiliwashe kabla yeye hajafika.

Gari lilikuwa Nyakato, namba D (herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye namba ya usajili), linauzwa milioni 11.8. Dalali akasema ni la mama mmoja mwalimu, kazi yake ilikuwa shule na kanisani tu. Fundi alichelewa dakika hamsini. Alipofika hakusalimia mtu, akaweka kiganja juu ya boneti. "Mmelipasha." Dalali akadai alilisogeza tu kivulini. Fundi akasema basi tunasubiri lipoe, tukaenda kukaa kwa mama ntilie zaidi ya saa nzima. Chai na chapati za watu watatu nililipa mimi, hilo lijumlishwe kwenye gharama.

Tuliporudi akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, akaniambia nimsomee taa za dashibodi. Oili ipo, betri ipo. "Ya injini je?" Haipo. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kufundishwa na mtu: ile taa lazima iwake ufunguo ukiwa umewekwa, halafu izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, taa imeungua au kuna mtu ameizima makusudi. Akachomeka kimashine chake cha kusoma hitilafu chini ya stelingi, kikasema silinda ya tatu inakosa moto. Injini za hizi IST kila silinda ina koili yake (kifaa cha kuipatia moto), kwa hiyo mtu aliona afadhali aue taa kuliko kununua koili moja. Alipowasha, ukatoka moshi wa bluu nyuma, ukakata. "Linakula oili," akasema, akavuta stiki akanionyesha. Oili ilikuwa imegusa ncha tu.

Dashibodi ilisoma kilomita 86,000. Fundi hakubishana nayo, alinionyesha tu mpira wa pedali ya breki ulivyolika mpaka chuma kinachungulia.

Kilichonimaliza kilikuwa kwenye buti. Mimi nimezaliwa Kirumba, nimekulia jirani na Mwaloni, harufu ya samaki hainipiti hata uifukize udi. Alipoinua zulia na tairi la akiba, ilikuja yenyewe. Bati la chini lilikuwa limeoza kwa kutu, na pembeni ya jeki yalikuwa yamekauka magamba ya sato. Springi za nyuma zimelala. Dalali akasema labda mwalimu aliwahi kubeba kitoweo.

"Kitoweo cha kijiji kizima?" fundi akamjibu.

Walisogea pembeni kidogo wakanong'onezana. Nilichosikia ni fundi akisema, "Kaka, mimi nimeshalipwa." Kwangu hiyo ndiyo huduma yenyewe niliyoinunua. Mashine kama ile wanazo wengi mjini hapa.

Gari la pili lilikuwa Pasiansi. Dalali alisema injini yake ni ya cc 1300, linanusa mafuta tu. Fundi akasoma namba ya chesesi, inaanza na NCP61. "Hii ni 1500, ya 1300 ingekuwa NCP60." Kadi nayo ilisema hivyohivyo, kumbe dalali hajawahi kuisoma. Halikuwa limefichwa kitu, wamiliki walijisemea wenyewe kwamba liliwahi kugongwa mlango wa kushoto, na sumaku ya fundi ikakataa kushika pale penye puti, ile ya kuziba mabonde kabla ya rangi. Liliwaka baridi bila moshi. Tukalipandisha Bugando tukiwa watu wanne ndani, gia zikabadilika bila kushtua, tukasimama katikati ya mlima tukarudi nyuma, jotoridi halikupanda. Alikuta bushi za mbele (ile mipira ya kwenye miguu ya gari) zimekufa na matairi mawili ya 2018 (zile tarakimu nne ubavuni, mbili za mwisho ni mwaka). Walitaka 11.2, nikawasomea orodha, tukamalizana 10.4.

Jambo moja kwa mnaouliza kwanza "namba gani": IST hizi za kwanza zilitengenezwa 2002 mpaka 2007. Namba E inakuambia limesajiliwa lini hapa kwetu, umri wake ni ule ule.

Sasa malalamiko. Anachelewa, mara zote mbili. Haandiki chochote, anaongea tu, na anaongea kwa kasi, mimi nilikuwa naandika nyuma ya bahasha. Karatasi hazigusi kabisa: kadi, mkataba, uhamisho wa TRA ni juu yako. Deni la trafiki niliangalia mwenyewe kwa simu, nikakuta faini ya 30,000 ya mwendokasi, muuzaji akailipa kabla hatujasaini. Na AC aliijaribu dakika moja asubuhi, ikatoa baridi, akaipitisha. Wiki ya kwanza, saa nane mchana nikitoka Sengerema, ikaanza kupuliza joto. Nikampigia kwa hasira. Alisema, "Hapo nilikosea, mama, lete." Nilinunua gesi, ufundi hakunitoza.

Nampa nne kwa tano. Jina lake siliweki hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa.

Mdogo wangu anatafuta Probox ya mzigo, wamepanga na fundi Jumamosi saa tatu. Nimemwambia aende saa nne.