Section 8 na mama wa kiti cha magurudumu: uzoefu wangu, nyota tatu na nusu

Wadau, kila mtu akisikia sisi tuko kwenye Section 8 huku Marekani anaomba linki ya fomu. Fomu ni kazi ndogo sana aisee. Kazi yenyewe inaanza siku ukishaikamata ile vocha mkononi, na hapo hakuna anayekuambia.

Kwa asiyeijua, ni msaada wa kodi wa serikali kuu, hela inatoka HUD (wizara ya nyumba ya Marekani) inapitia ofisi ya nyumba ya mji au kaunti yako, vocha zenyewe mizizi yake ni sheria ya 1974. Hupewi hela wewe, analipwa mwenye nyumba moja kwa moja. Wewe unachangia kama asilimia 30 ya kipato baada ya makato, yaani kikibaki dola 900 kwa mwezi wewe unatoa 270, na nyumba ikiwa ya 1,200 ofisi inamalizia 930 mradi kodi haijavuka kiwango chao. Na ukiwa na mtu mzee au mwenye ulemavu kama mama kuna makato ya ziada, ata gharama za matibabu zikizidi kiwango fulani zinatolewa kwenye hesabu, kwa hiyo usitupe risiti za dawa. Hii sehemu naipa nyota zote. Mama anaishi kwa SSI (posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo), na kipato kikishuka ukaripoti, mchango wako nao unashuka, landilodi yeye hana hasara.

Sasa foleni. Kiukweli watu wengi wanaostahili hawapati, vocha hazitoshi, na ofisi nyingi orodha zimefungwa, zikifunguliwa zinafunguliwa siku chache tu alafu wanachezesha bahati nasibu. Hakuna sheria inayokubana uombe sehemu moja, sisi tuliomba kaunti kadhaa. Na kuomba ni bure! Kuna visaiti vinakutoza hela eti wanakuingiza kwenye orodha, hao ni matapeli, ofisi ya nyumba haikutozi kuomba.

Kingine anwani. Wakati ule tulikuwa tunalala sebuleni kwa ndugu, na barua za hizi ofisi ukikosa kujibu moja jina linafutwa, miaka yote ya kusubiri imeenda. Mama mmoja tuliyejuana naye shelta (makazi ya muda ya wasio na nyumba) lilimkuta hilo, barua ilirudi kwa sababu alishahamishwa. Sisi tukaomba kanisani watupokelee barua na kila tukihama tunaandika kwa ofisi, sio kupiga simu, kuandika.

Hapo hapo kuna kitu kiliniuma. Kulala kwa ndugu, watu saba vyumba viwili, kwa hesabu za HUD mara nyingi huhesabiki kama mtu asiye na makazi, mpaka uwe shelta au nje au unakaribia kabisa kutolewa. Lakini shule ya mwanangu ilituhesabu, kwa sababu shule wanafuata sheria ya McKinney-Vento ambayo inatambua familia zilizobanana kwa ndugu kwa sababu ya shida. Serikali hiyo hiyo moja, majibu mawili. Faida yake ni kwamba shule zina mtu maalum wa hizi kesi, na wa kwetu ndo aliyetuelekeza tupige 211 (namba ya simu ya kuuliza misaada iliyopo eneo lako) tuulize nani analipa dipoziti, maana vocha kwa kawaida dipoziti hailipi na wengi wanakwama hapo.

Haya, vocha imetoka. Unapewa muda wa kutafuta nyumba, siku 60 ndo kiwango cha chini kisheria. Kwa mtu wa kawaida ni ngumu, kwa kiti cha magurudumu ni mateso, maana nyumba nyingi za bei hiyo ziko ghorofani na hakuna lifti, au ziko chini ila mlango wa bafu kiti hakipiti, au kila kitu kiko sawa alafu ukitaja Section 8 ghafla nyumba ishachukuliwa. Kuna majimbo kukataa mtu sababu ya vocha ni kosa na kuna majimbo sheria hiyo haipo, jua la kwako mapema. Kumkataa mtu kwa sababu ni mlemavu ni kosa nchi nzima, toka sheria ya Fair Housing iliporekebishwa 1988.

Kilichotuokoa ni ombi la marekebisho kwa ajili ya ulemavu. Ofisini kwetu aliyetuhudumia hakuligusia kabisa, nimelipata kwa dada mmoja anayesaidia wagonjwa. Unaandika barua fupi, daktari anathibitisha kwamba hitaji linatokana na ulemavu (ugonjwa wenyewe si lazima autaje), na unaomba unachohitaji: muda wa kutafuta uongezwe, chumba cha ziada kwa anayelala hapo kumhudumia, ata kiwango cha kodi kipandishwe. Sisi tuliomba muda na tukapewa. Baki na kopi yenye tarehe.

Rampu sasa. Landilodi binafsi ni lazima akuruhusu kuweka kinachohitajika kweli, ila gharama kwa kawaida ni yako, kupokea vocha hakumfanyi alipe yeye. Nyumba za umma ndo tofauti, huko mwendeshaji ndo anagharamia. Wa kwetu aliruhusu bila maneno, tukahangaikia hela kupitia Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) maana majimbo mengi yana mpango unaolipia marekebisho ya nyumba kwa wagonjwa wa nyumbani, na mpaka itoke mama alikuwa anabebwa, mimi na kijana wa jirani, asubuhi na jioni. Mgongo wangu unaijua ile ngazi.

Ukaguzi haukusumbua, inspekta anaangalia kengele za moshi, maji ya moto, madirisha, umeme. Ila usihamie kabla nyumba haijapita na mikataba haijasainiwa, ukiwahi zile siku kodi yote ni yako.

Nyota moja nimekata kwa hiyo ya kuficha habari ambazo ni haki ya mtu, nusu ni ya simu zao, unasubiri mpaka chaji inaisha. Na ukipata barua ya kukataliwa au kutolewa usiikunje ukalia, geuza mpaka chini, kuna sehemu ya kuomba kesi yako iangaliwe upya na siku ya mwisho imeandikwa hapo. Omba kwa maandishi kabla haijapita, na kama kuna ofisi ya msaada wa sheria karibu wapelekee hiyo barua siku hiyo hiyo.