PubMed: mlango wa bure wa tafiti za magonjwa na dawa, na mipaka yake

Miongoni mwa huduma za bure zinazomsaidia mtu kuelewa jinsi ugonjwa unavyoanza mwilini na jinsi dawa inavyoukabili, sijaona inayoikaribia PubMed. Inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda katika jimbo la Maryland, na tangu Juni 1997 iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bila malipo na bila kujisajili. Imekusanya taarifa za makala zaidi ya milioni 37 za tiba na sayansi za uhai. Naitumia kazini mara kwa mara na naipa alama za juu kabisa, ila kwa sharti moja ambalo nitalieleza kwa urefu, kwa sababu ndipo watumiaji wengi wanapopotea: PubMed huonyesha kilichochapishwa, haithibitishi kwamba kilichochapishwa ni kweli. Anayeijua tofauti hiyo hupata chombo kisicho na mfano. Asiyeijua hupata ushahidi wa kuunga mkono jambo lolote alilokwisha kuliamini.

Uzito wa huduma hii huonekana vizuri zaidi ukikumbuka ilikotoka. Kuanzia mwaka 1879 faharasa ya makala za tiba ilitolewa katika majuzuu yaliyoitwa Index Medicus, na mtu aliyetaka kujua yaliyoandikwa kuhusu ugonjwa fulani aliyapekua moja baada ya jingine. Mwaka 1971 ilianza MEDLINE, iliyowezesha kutafuta kwa kompyuta, lakini kazi hiyo ilifanywa zaidi na wakutubi waliopewa mafunzo maalumu. Leo mwanafunzi wa famasi mwenye simu tu mkononi huifikia hazina hiyohiyo anayoitumia profesa.

Kisanduku cha kutafutia ni kimoja na kinaonekana chepesi, lakini nyuma yake kuna kazi kubwa. Mfumo hauyasaki maneno yako kama yalivyo tu; huyalinganisha na MeSH, yaani orodha rasmi ya istilahi za tiba inayotunzwa na maktaba hiyohiyo, kisha huongeza majina mengine ya kitu kilekile. Anayeandika jina la mtaani la mshtuko wa moyo huletewa pia makala zilizotumia jina la kitaalamu. Matokeo hupangwa kwanza kwa kuangalia yapi yanaelekea kukidhi swali lako, si kwa tarehe. Kwa mtu anayelianza somo, mpangilio huo unafaa sana. Kwa anayefuatilia usalama wa dawa, mimi hushauri abadilishe mara moja uwe wa tarehe, kwa sababu onyo la mwezi uliopita ni muhimu kuliko makala maarufu ya miaka kumi iliyopita.

Uwezo halisi wa PubMed huonekana pale unapofuata safari ya dawa moja tangu maabara hadi kwa mgonjwa. Mfano ninaoupenda ni wa dapagliflozini na empagliflozini, dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kisukari aina ya 2. Makala za mapitio zilizomo humo zinakurudisha hadi mwaka 1835, wanakemia walipotenga florizini kutoka kwenye magome ya mti wa tufaha, na hadi mwaka 1886, Joseph von Mering alipoonyesha kwamba florizini humfanya mnyama atoe sukari kwenye mkojo. Ukisogea mbele unaikuta kazi ya mwaka 1987 iliyofanywa kwa panya wenye kisukari: walipopewa florizini, si tu kwamba sukari yao ilishuka, bali miili yao ilianza tena kuitikia insulini ipasavyo. Hapo wazo zima la kutibu kisukari kwa kupitia figo lilipata mguu wa kusimamia.

Kisha unafika kwenye maelezo ya namna jambo lenyewe linavyotokea. Kila siku figo za mtu mzima huchuja takribani gramu 180 za glukosi na kuirudisha karibu yote kwenye damu. Karibu asilimia 90 ya kazi hiyo ya kurudisha hufanywa na protini iitwayo SGLT2, iliyoko mwanzoni mwa vijirija vya figo, na inayobaki humalizwa na SGLT1, ambayo ipo pia kwenye utumbo. Florizini ilizizuia zote mbili, hivyo ilivuruga tumbo, tena haikufyonzwa vizuri ikimezwa. Dawa mpya, yaani dapagliflozini, empagliflozini na wenzake, zilitengenezwa zilenge SGLT2 peke yake. Mpaka hapo hadithi ni ya sukari tu.

Mwaka 2015 ndipo mkondo ulipobadilika, na atakayesoma ikisiri (muhtasari unaotangulia makala) za wakati huo kwa mfululizo ataona jinsi wataalamu wenyewe walivyoshtuka. Jaribio la EMPA-REG OUTCOME liliwahusisha wagonjwa 7,020 wenye kisukari aina ya 2 ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Vifo vitokanavyo na maradhi hayo vilipungua kwa asilimia 38 miongoni mwa waliopewa empagliflozini, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2019 likafuata jaribio la DAPA-HF, lenye wagonjwa 4,744 ambao mioyo yao ilishindwa kusukuma damu ipasavyo, wakiwemo wengi wasio na kisukari kabisa, na dapagliflozini ikawanufaisha wenye kisukari na wasio nacho kwa kiwango kinachokaribiana. Dawa iliyobuniwa kutoa sukari kwenye mkojo ikawa dawa ya moyo, huku maelezo ya kwa nini moyo unanufaika yakiendelea kujadiliwa hadi leo: wapo wanaotaja maji na chumvi vinavyotoka mwilini, wapo wanaotaja ketoni ambazo moyo huzitumia kama nishati, na wapo wanaotaja namna seli za moyo zinavyoshughulika na sodiamu. Mabishano hayo yote yamo humo, upande na upande, na anayeyafuata hujifunza zaidi kuliko anayesoma kitabu kimoja kilichokwisha kuamua.

Hata hivyo, safari hiyohiyo inaonyesha mahali msomaji anapopaswa kupunguza mwendo. Ile asilimia 38 ndiyo iliyosambaa. Ukiisoma ikisiri hadi mwisho utakuta kwamba waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 3.7 katika kundi la dawa na asilimia 5.9 katika kundi jingine, yaani tofauti ya watu 2.2 katika kila wagonjwa 100, kwa muda wa wastani wa takribani miaka mitatu. Ni tofauti kubwa kwa jaribio la aina hiyo na nina imani nayo. Lakini mgonjwa akiambiwa asilimia 38 bila kuambiwa hizo nyingine, ataondoka akidhani amekingwa zaidi ya alivyokingwa. Ikisiri hiyohiyo inasema wazi kwamba mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kwa kiwango cha kutegemewa, na kwamba maambukizi ya sehemu za siri yaliongezeka. Mambo hayo hayakufichwa; yapo mistari michache tu chini ya namba iliyopata umaarufu.

Tena si kila utaratibu wa ugonjwa unaoeleweka vizuri huzaa dawa inayofaa, na PubMed inahifadhi kumbukumbu za kushindwa kwa uaminifu uleule. Torsetrapibu ilitengenezwa kwa hoja iliyoonekana haina dosari: watu wenye kolesteroli nyingi ya aina ya HDL hupata maradhi ya moyo kwa nadra, basi dawa inayoiongeza itaokoa maisha. Katika jaribio la watu zaidi ya 15,000, dawa hiyo iliongeza HDL kwa asilimia 72, tena ikapunguza na ile kolesteroli mbaya. Mwishoni mwa mwaka 2006 jaribio lilisimamishwa kwa sababu vifo viliongezeka miongoni mwa walioitumia. Vipimo vya damu vilipendeza na watu wakafa zaidi. Kwa maoni yangu, kila anayesambaza ikisiri inayosema kwamba dutu fulani imeua seli za saratani kwenye chupa ya maabara angepaswa kuisoma kwanza makala ya mwaka 2007 iliyoripoti jaribio hilo.

Hapo ndipo vichujio vya upande wa kushoto wa ukurasa wa matokeo vinapokuwa na thamani. Unaweza kuomba uletewe majaribio yaliyowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu tu, au uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja, au tafiti zilizofanywa kwa binadamu na si kwa wanyama. Nina tahadhari moja ambayo watumiaji wengi hawaijui. Kichujio cha binadamu hutegemea istilahi za MeSH zilizobandikwa kwenye makala, na ziko makala nyingi zilizoingia PubMed kupitia njia nyingine bila kubandikwa istilahi hizo. Ukikiwasha, makala hizo hutoweka mbele yako hata kama zinahusu wagonjwa halisi. Kwa sababu hiyo mimi hutafuta mara mbili, kwanza bila kichujio, kisha nacho.

Upungufu unaomchosha msomaji wa kawaida ni kwamba PubMed si maktaba ya makala kamili. Kilichomo ni jina la makala, waandishi, jarida na ikisiri, pamoja na viungo vya kukupeleka kwingine. Baadhi ya viungo hivyo vinafika PubMed Central, hifadhi dada iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako makala nzima husomwa bure. Vingine vinaishia kwenye ukurasa wa mchapishaji unaodai malipo. Walio kwenye taasisi za nchi zenye kipato cha chini waulize maktaba yao kuhusu Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, unaofungua majarida mengi bure au kwa gharama ndogo. Kusoma ikisiri peke yake na kutoa uamuzi wa tiba ni hatari. Ikisiri huandikwa na watafiti wenyewe, na ndiyo sehemu ya makala yenye ushawishi mkubwa zaidi. Kurasa zake, pamoja na sehemu kubwa mno ya ikisiri, ni za Kiingereza, na kwa msomaji wa Kiswahili hicho ni kizingiti cha kweli ambacho vifaa vya kutafsiri hukipunguza bila kukiondoa.

Ubora wa majarida ni suala jingine. Maktaba yenyewe hutamka kwamba makala kuwemo humo hakumaanishi kwamba imeiunga mkono, na hata majarida yenye heshima huteleza. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua rekodi za wagonjwa 96,032 wa UVIKO-19 kutoka hospitali 671, na kuhitimisha kwamba waliopewa haidroksiklorokwini walikufa zaidi. Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda sehemu ya dawa hiyo katika majaribio yake. Tarehe 4 Juni makala ilibatilishwa, kwa kuwa kampuni ya Surgisphere, iliyodai kuwa na rekodi hizo, haikuzitoa zikaguliwe. Ukiitafuta leo PubMed utaikuta bado ipo, lakini juu yake pana tangazo lisiloweza kupitwa na macho kwamba imebatilishwa, pamoja na kiungo cha kwenda kwenye maelezo. Naisifu sana sehemu hii ya huduma. Nakala iliyopakuliwa siku ya tatu baada ya kuchapishwa na kuanza kuzunguka kwenye simu za watu haina tangazo lolote, kwa hiyo makala yoyote uliyotumiwa na mtu iangalie upya PubMed kabla ya kuitegemea. Tangu mwaka 2017 huduma hii huonyesha pia tamko la maslahi ya waandishi, pale mchapishaji anapolitoa, chini ya ikisiri. Wengi hawafiki huko chini, na ndiko linakojulikana nani amelipia utafiti.

Kwa anayefuatilia ugonjwa mmoja kwa muda mrefu, fungua akaunti ya bure na uhifadhi utafutaji wako. Makala mpya zitakujia kwa barua pepe kila siku, kila wiki au kila mwezi, utakavyochagua. Na kwa kila jaribio la dawa, tazama mwishoni mwa ikisiri kama kuna namba inayoanza na herufi NCT. Namba hiyo inakupeleka ClinicalTrials.gov, daftari la majaribio lililofunguliwa mwaka 2000, ambako utaona watafiti walisajili kupima nini kama lengo kuu na lini waliliandika. Likitofautiana na lile linalotangazwa kwenye makala, soma sehemu ya mbinu neno kwa neno kabla hujalipeleka tokeo hilo kwa mgonjwa yeyote.