Kabla ya kununua laptopu kwa kuangalia alama za prosesa, uliza wati

Laptopu yangu ya mwisho niliinunua kwa sababu ya namba moja tu: alama zake za Cinebench R23, programu ya kupima kasi ya prosesa. Raundi ya kwanza zilitoka zilezile nilizoahidiwa, nikatamba. Kufika raundi ya tano feni zilikuwa zinalia, kibodi haishikiki, na wati zimeporomoka kutoka 100 na ushei hadi 45. Alama nazo zikafuata hukohuko.

Sitaongelea kioo wala betri, hayo kila mtu anayaangalia. Kinachosahaulika ni kwamba prosesa ya laptopu ina vikomo viwili vya umeme, cha muda mfupi na cha kudumu, na mtengenezaji wa laptopu huvipanga kulingana na upoozaji wake. Core i9-13980HX ya Intel, kwa mfano, ina wati 55 za msingi na 157 za kilele. Pengo hilo linatosha kuzifanya mashine mbili zenye prosesa ileile zisifanane hata kidogo. Kwa hiyo mtu akikurushia picha ya alama, muulize: wati ngapi, dakika ya ngapi? Geekbench, programu nyingine ya kupima kasi, hainishawishi hapa. Inapumzika kati ya majaribio, joto halipati nafasi ya kujionyesha. Cinebench R23 iache izunguke dakika 10.

Chaguo langu la kwanza ni Ryzen 9 7945HX ya AMD. Ndiyo, nina upendeleo. Viini (sehemu zinazofanya hesabu) 16 vyote vikubwa, nyuzi 32 (kazi inazoshughulikia kwa pamoja), hadi GHz 5.4, na haina uroho wa umeme. Ukipunguza volti kwa Curve Optimizer, zana ya AMD yenyewe, wati zilezile zinakupa kasi zaidi. Kwenye laptopu huko ndiko kupandisha kasi kwenyewe. Kuongeza volti ni kuongeza joto tu.

Ya pili ni hiyo 13980HX: viini 8 vikubwa, 16 vidogo, GHz 5.6. Ukiilisha wati inatisha. Ila hakikisha BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, inaruhusu kupunguza volti, maana tangu Plundervolt, udhaifu wa kiusalama wa prosesa za Intel uliopitia kwenye udhibiti wa volti, utangazwe mwaka 2019, mashine nyingi zimefungiwa.

Ukitaka mashine nyembamba, Ryzen 7 7840HS, wati 35 hadi 54, inatosha.

Prosesa za bei nafuu zenye herufi U mwishoni mwa jina? Hakuna kasi ya kupandisha humo. Na hapa hata AMD wangu siwatetei: Ryzen 5 7520U ilitoka 2022 ikiwa na viini vya Zen 2, usanifu wa 2019, lakini muuzaji anakuapia kuwa “ni 7000, toleo jipya kabisa”. Na bei anakupigia ya jipya.

Yule aliyeniuzia mimi nilimrudia nikamuuliza prosesa inashikilia wati ngapi ikifanya kazi mfululizo. Akaigeuza chaja, akasoma maandishi ya nyuma, akaniambia: “140, dada. Zinakutosha.”