Nukta ya bluu ilibaki mjini, mimi niko mashambani na tornado

Kishikwambi kisicho na chipu ya GPS, ile inayosikiliza setilaiti ili kujua ulipo, usikipeleke kwenye tornado. Mimi hufukuza dhoruba za tornado, zile nguzo za upepo unaozunguka kutoka wingu hadi ardhini, na naanza na hilo kwa sababu aliyeniuzia alijua kinakwenda wapi. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba kitafungwa garini, Oklahoma magharibi, Marekani, mbali na mji, kazi yake kunionyesha rada na mahali nilipo. Akajibu huku macho yake yakiwa kwenye simu: "Kina ramani. Unataka nini tena?"

Ramani kinayo. Hata kalenda ya ukutani ina picha ya gari, lakini haikufikishi popote.

Ubovu wenyewe uko hivi. Vishikwambi vingi huuzwa kwa namna mbili, cha Wi-Fi tupu na chenye nafasi ya laini ya simu. Kwa iPad, chipu ya GPS imo kwenye zile za laini peke yake. Kwa nje zinafanana kama mapacha, tofauti ni bei na kijitundu cha laini. Kisicho na chipu hukisia kilipo kwa kunusa ruta za Wi-Fi za jirani na kuzilinganisha na orodha iliyoko mtandaoni. Mjini kinapatia hadi unaapa kina GPS. Ukishaipita nyumba ya mwisho, ngano kulia ngano kushoto, hakuna ruta ya kunusa. Ukikiunganisha na hotspoti ya simu kinaweza kuchanganyikiwa zaidi, maana anwani ya intaneti ya kampuni ya simu pengine inaonekana inatoka jiji jingine kabisa. Basi nukta ya bluu, ile inayoonyesha ulipo kwenye ramani, inabaki pale ilipokuwa mara ya mwisho, imetulia tuli, haina hata haya.

Huko kutulia ndiko kulikonichefua. Ingepotea, ningejua. Ramani za kawaida huizungushia nukta duara pana lenye rangi hafifu, ishara kwamba inabahatisha. Programu ya rada niliyokuwa naitumia iliweka nukta kavu, katikati ya barabara ambayo sikuwa juu yake.

Kwa asiyeijua shughuli hii: kufukuza dhoruba si kuiparamia. Na tornado si kimbunga kama kile cha Hidaya cha Mei 2024, ambacho watu wa Mafia na Lindi walitangaziwa mapema. Tornado ukipata dakika kumi na tano za tahadhari umebahatika. Unakaa kusini-mashariki mwa dhoruba, unatazama kaskazini-magharibi, na njia ya kutorokea kusini au mashariki iwe wazi. Dhoruba inayozunguka mara nyingi huelekea kaskazini-mashariki, na tornado huzaliwa upande wake wa kusini-magharibi, pale rada inapochora umbo la ndoana. Barabara za mashamba za Oklahoma na Kansas zimekatwa miraba, moja kila maili, yaani kilomita 1.6. Ukikosea moja tu, umetoka pembeni ya ndoana ukaingia ndani yake, mvua imekufunika, huoni hata pua ya gari. Nyingi hazina lami, zikilowa ni tope jekundu linaloteleza kama bamia. Halafu kuna mto Canadian, ambao madaraja yake yameachana sana. Nukta ikikwambia uko kusini mwa mto na wewe uko kaskazini, mlango wa kutorokea umeshafungwa na hujui.

Tena hata rada yenyewe hukupa habari za zamani kidogo. Wakati wa dhoruba humaliza mzunguko wake wote kwa dakika nne hadi sita hivi, ingawa siku hizi mwinamo wa chini kabisa, ule unaotazama karibu na ardhi, hurudiwa katikati. Ongeza muda wa data kukufikia. Dhoruba ikienda kilomita 50 kwa saa, dakika sita ni kilomita tano. Kwa hiyo kioo kinakuonyesha dhoruba ya dakika sita zilizopita, na wewe wa nusu saa iliyopita, halafu uamue: kushoto au kulia? El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013, tornado ilibadili mwelekeo na kupanuka hadi kilomita 4.2, ikawaua Tim Samaras, mwanawe Paul na Carl Young, watu waliobobea kwenye kazi hii. Sisemi kifaa kilihusika. Nasema kilomita mbili huko zina uzito gani.

Kwa hiyo kabla hujalipa, kipime palepale dukani. Zima Wi-Fi, zima bluetooth, toka nacho hadi kwenye maegesho ya magari. Kama ni cha Android, fungua programu inayohesabu setilaiti (iPad haizionyeshi, tazama nukta tu). Cha Android chenye chipu kitaanza kuzionyesha moja moja. Bila msaada wa mtandao kinahitaji walau nusu dakika kusoma taarifa za setilaiti, kwa hiyo kipe dakika mbili tatu. Tembea hatua mia. Nukta isipotembea nawe, warudishie. Wakikukatalia kutoka nacho nje, hilo nalo ni jibu.

Ukishaingia mkenge kama mimi, dawa ni kipokezi cha GPS cha nje, kile wanachotumia marubani wa ndege ndogo. Hakikisha kimeandikwa wazi kwamba kinakubali aina ya kishikwambi chako, kwa sababu si kila kipokezi cha bluetooth kinasikilizwa na kila kifaa. Kiweke juu ya dashibodi, chini ya kioo, kione anga. Usikitupe kwenye droo ya gari. Na betri yake ichaji usiku, maana kikizima katikati ya kazi nukta inarudia tabia yake.

Hapa sasa naona aibu kidogo kwa matusi niliyokuwa nimeyapanga. Kikishapata GPS ya kweli, kishikwambi kinaishinda laptopu. Kioo cha inchi 11 nakigawa mara mbili: kushoto mvua, kulia mwendo wa upepo, kijani inakuja kwenye rada, nyekundu inaiondokea. Rangi hizo mbili zikigusana shavu kwa shavu kwenye ncha ya ndoana, hapo pana mzunguko. Naongeza picha ya tatu, ile inayopima jinsi vitu vilivyomo hewani vinavyofanana: ikishuka ghafla mahali palepale, hiyo si mvua tena, ni mabati na matawi yanayorushwa, tornado imeshagusa ardhi. Kwenye simu hayo yote ni vidoti. Laptopu nayo inataka inveta na mtu wa kuipakata.

Ila chagua rada iliyo karibu. Ukiwa kilomita 100 kutoka kwenye rada, mwale wake wa chini unapita kama kilomita moja na nusu juu ya kichwa chako, na yanayotokea chini yake huyaoni. Na usome saa ya picha kila mara. Imeandikwa kwa Z, yaani saa ya dunia ya Greenwich: 22:00 Z wakati wa kiangazi ni saa kumi na moja jioni ya Oklahoma.

Mengine ni madogo. iPad imepangiwa joto la hewa lisizidi nyuzi 35, na dashibodi ya mwezi Mei inapita hapo bila kuuliza, kwa hiyo stendi ikae mbele ya tundu la kiyoyozi na kava livuliwe. Stendi ya kunyonya kioo huanguka kwenye joto, nunua inayofungwa kwenye bolti ya kiti. Chaja ya zamani ya wati 12 inashindwa na kioo kilichowashwa mwanga wote, tafuta ya USB-C ya wati 30 na zaidi. Kidole chenye maji hakitambuliki, weka taulo. Miwani ya jua ya kukata mng'ao inaweza kukifanya kioo kionekane cheusi, kigeuze wima au kilale. Pakua ramani kabla ya safari, na mapajani kaa na atlasi ya karatasi na redio ya hali ya hewa yenye masafa ya 162.400 hadi 162.550 MHz, kwa sababu mtandao ukikatika hata GPS nzuri inakuonyesha ulipo tu, dhoruba haikuonyeshi. Na anayeendesha asiguse kitu, awepo mwingine wa kusoma.

Nilikirudisha dukani. Kaunta ileile, mtu yuleyule. Akakiwasha, kikashika Wi-Fi ya duka, nukta ikatua juu ya paa la duka lenyewe bila kukosea hata mita kumi. Akanigeuzia kioo, akasema kifaa kizima, tatizo ni mtumiaji. Nikimwomba azime Wi-Fi, hataki. Kurudishiwa hela nikatwe asilimia kumi na tano kwa sababu boksi limefunguliwa. Sasa ningekijaribuje bila kufungua boksi?

Kishikwambi nakipa nyota nne, duka sifuri. Hapana, kishikwambi tatu. Boksi limeandikwa "ramani" kwa herufi kubwa, na habari ya GPS haimo hata kwa zile herufi za kusomea kwa tochi.