Kozi ya video kuhusu jeni rudufu: masomo mazuri, jaribio lenye kasoro

Nimemaliza kozi ya video yenye masomo sita kuhusu namna jeni rudufu zinavyogeuka katika wanyama chini ya uteuzi asilia. Naiandikia tathmini hii mtu mwenye msingi wa baiolojia ya sekondari anayejiuliza kama itamfaa. Itamfaa, mradi asiyaamini majibu ya jaribio la mwisho.

Kilichonivutia mapema ni kwamba mwalimu haanzi na mafanikio. Maelezo yaliyozoeleka, ambayo mwanajenetikia Susumu Ohno aliyapa nguvu kubwa mwaka 1970, ni kwamba jeni ikirudufiwa, nakala moja hubaki na kazi ya zamani huku nyingine ikiwa huru kupata kazi mpya. Kozi hii inatanguliza hatima iliyo ya kawaida zaidi, yaani kifo. Maadamu nakala ya kwanza inatimiza wajibu wake, uteuzi asilia hauna cha kulinda katika ile ya pili, na hitilafu hujilimbikiza humo mpaka inakuwa jeni mfu. Binadamu ana jeni za kunusa zipatazo 400 zinazofanya kazi, na zilizokufa hazipungui idadi hiyo.

Somo la tatu ndilo roho ya kozi. Linamhusu tumbili aina ya douc wa Kusini-Mashariki mwa Asia, mla majani ambaye bakteria humchachulia chakula tumboni, kisha yeye humeng'enya bakteria hao na kujipatia nitrojeni iliyomo katika RNA yao. Kwenye skrini zinawekwa mistari miwili ya asidi amino, mmoja juu ya mwingine: wa juu ni wa RNASE1, jeni ya kimeng'enya cha kongosho kinachovunja RNA, na wa chini ni wa nakala yake RNASE1B, iliyotokea takriban miaka milioni 4 iliyopita. Mstari wa juu haujabadilika tangu wakati huo. Wa chini una herufi nyekundu hapa na pale, na nyingi kati yake zimeiongezea protini chaji hasi. Matokeo yake ni kwamba kimeng'enya cha zamani hufanya kazi vizuri zaidi kwenye pH 7.4, ilhali kipya hupendelea 6.3, kiwango kinacholingana na utumbo wa tumbili huyo ulio na asidi zaidi. Nilidhani somo limekwisha, kumbe mwalimu alikuwa amemweka akiba mbega wa Afrika, ambaye kwake jeni hiyohiyo ilirudufiwa kivyake, na baadhi ya mabadiliko ya asidi amino yakawa yaleyale. Bahati tupu haielekei kurudia hatua zilezile mara mbili.

Somo la nne, kuhusu mgawanyo wa kazi, ni fupi lakini linatosha. Jeni moja ya panya hufanya kazi katika seli za neva na pia katika chipukizi la mguu wa mbele. Kwa samaki pundamilia ipo katika nakala mbili, moja ikishughulika na neva na nyingine na chipukizi la pezi. Kila moja ilipoteza kazi ambayo mwenzake aliihifadhi, kwa hiyo hakuna inayoweza kuondoka bila hasara.

Lalamiko langu kubwa ni jaribio. Swali moja linampa mwanafunzi uwiano wa mabadiliko yanayobadili asidi amino dhidi ya yale yasiyoibadili, uwiano ambao ukizidi 1 huashiria kuwa uteuzi umependelea mabadiliko. Umekokotolewa kwa jeni nzima, na kwa kuwa jibu ni chini ya 1, ufunguo unadai kwamba uteuzi haukuchangia kuleta kazi mpya. Nilijibu kwamba hatuwezi kusema hivyo, nikakosa alama. Ajabu ni kwamba somo la tano la kozi hiyohiyo linaupinga ufunguo huo: protini zetu mbili za kuonea nyekundu na kijani, zitokanazo na jeni iliyorudufiwa, zina asidi amino 364 kila moja, na sehemu kubwa ya tofauti ya nanomita 30 hivi baina yao, katika urefu wa wimbi la mwanga ambao kila moja huunasa zaidi, hutokana na nafasi tatu tu, yaani 180, 277 na 285. Ukichukua wastani wa jeni nzima, nafasi hizo tatu humezwa na mamia ya nyingine zilizotulia. Niliwaandikia waandaaji nikiwaonyesha somo lao wenyewe. Walinishukuru kwa adabu, na ufunguo ungali vilevile.