Kitambaa cha kujifunzia kudarizi: kwanza kitoe kanji

Ua limekaa sawa kwenye fremu, likafuliwa mara moja, likajikunja kama uso wa mtoto aliyelamba ndimu. Lawama huangukia mkono wa anayejifunza, kumbe mara nyingi mkosaji ni kanji ya kiwandani. Dukani kitambaa kinasimama wima kama kizito. Kikiguswa na maji, kanji inatoka na pamba inarudi, yaani inapungua, ila uzi uliodarizia haupungui nayo.

Fikicha pembe ya kitambaa vidoleni. Ukiona ungaunga mweupe, kiloweke usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni kabla ya kukikata, kisha kipige pasi kingali na unyevu.

1. Marekani nzito isiyopaushwa. Kwa kujifunzia, hakuna inayoishinda. Imefumwa wazi kiasi cha kupitisha sindano namba 7 yenye nyuzi 3, na ukifumua kosa, tundu linajifunga ukilisugua kwa ukucha. Mshono wa mnyororo uliovutwa mno unajionyesha hapo hapo: kitambaa kinafanya mabonde.

2. Kitani. Kizuri kuliko vyote, lakini bei yake si ya kufanyia makosa.

3. Aida ya 14, yaani kitambaa cha matundu chenye miraba 14 kwa inchi. Ni ya mishono ya msalaba tu: nyuzi 2, sindano butu namba 24. Hii ndiyo pekee ambayo kanji yake huachwa, maana ndiyo inayosimamisha miraba. Usijifunzie mshono wa shina hapa. Kona zitavunjika kufuata matundu.

4. Poplini. Imebana, na ukifumua inabaki na alama. Anayeelekea kwenye kofia za kudarizi kwa mkono aizoee mapema.

Teteroni, kitambaa cha polista, ni ya bei rahisi na inateleza. Basi.

Uzi ni wa chapa ya DMC, bila kuzunguka: shada la mita 8, nyuzi 6 zinazoachana bila kufungana. Za bandia zisizo na namba ya rangi huchuja zikilowa. Lowesha nyekundu, ibane kwenye kitambaa cheupe, utaona.

Na wauzaji! "Pamba tupu" huapa kwa kila kitu. Omba uzi mmoja wa pembeni, uuchome: ukiacha kitone kigumu badala ya jivu, kuna polista. Tazama na rula pia. Mita ni sentimita 100, yadi, yaani futi tatu, ni 91. Anayetoza bei ya mita huku akipima kwa rula ya futi tatu amekula sentimita 9, na maji ya moto bado hayajachukua zake.